Zamani gemu ilichelewa kufika, sasa inachelewa kujibu

Bunduki ya gemu ya Duck Hunt haipigi bata tena. Iunganishe mashine yake kwenye TV ya flati ya kisasa, lenga, fyatua: bata anaruka zake, na mbwa wa gemu hiyo anaibuka majanini kukucheka. Mwenye mashine atalaumu waya, kisha atalaumu bunduki, mwisho atairudisha kwenye boksi na kuiita mbovu.

Bunduki ni nzima. Nintendo walipoitoa mwaka 1984 hawakuifanya irushe chochote, waliifanya ione. Ukivuta kifyatulio, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa muda mfupi mno, kisha pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Kijicho kilichomo ndani ya mtutu kikiuona weupe huo papo hapo, bata ameanguka. TV ya chogo iliweza kazi hiyo kwa sababu ilichora picha wakati uleule inapoipokea. Flati inaipokea picha, inaikuza, inaipamba rangi, ndipo inaionyesha, na katika makumi hayo ya milisekunde bunduki imeshahesabu kwamba umekosa.

Nimecheza gemu tangu utotoni, na watu wakiniuliza tofauti ya zile za zamani na hizi za sasa hutarajia nizungumzie picha, jinsi jasho linavyoonekana kwenye paji la uso wa mchezaji wa mpira. Picha ni kitu cha kuzoeleka. Wiki moja tu macho yameshiba. Tofauti ninayoiona mimi, mtu wa Kigali, ni kuchelewa. Zamani gemu ilichelewa kutufikia, pengine kwa miaka kumi, lakini ikishafika haikuchelewa kujibu. Leo inafika kwetu siku ileile inapofika Tokyo na London, ila kila kitufe unachobonyeza kinasafiri kwanza.

Super Mario Bros. ilianza kuuzwa Japani Septemba 1985. Mtaani kwetu Biryogo niliiona baada ya 1994, wakati watu walikuwa wakirejea kutoka Bujumbura, Kampala, Goma na Dar es Salaam, na kila aliyerudi alikuwa na kitu chake cha ugenini sandukuni. Mashine yenyewe haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa nakala ya Kichina, ya aina iliyokuja kwa malori kupitia Rusumo na Gatuna hadi kwenye maduka ya Quartier Matheus, na hatukujua kwamba kuna kampuni inayoitwa Nintendo inayostahili kulipwa. Kaseti iliandikwa 9999 in 1. Gemu zilizokuwemo zilikuwa chache tu. Zilizobaki ni zilezile zimerudiwa, moja unaanzia hatua ya tatu, nyingine unaanzia ya tano. Hakuna aliyelalamika. Tulizipitia orodha zote hadi mwisho, kwa tumaini kwamba huko kwenye elfu tisa kuna kitu kimefichwa.

Niliirudia Mario hivi karibuni nikiwa mtu mzima, nikaona kile nilichokuwa nakihisi bila kujua jina lake. Gemu nzima ni kilobaiti 40. Gemu moja ya mpira ya leo inaweza kufika gigabaiti 100, maana yake ndani yake zingeingia Mario milioni mbili na nusu. Kwa kubanwa na udogo huo, mawingu na vichaka vya Mario ni mchoro mmoja: mweupe ukiwa juu, wa kijani ukiwa chini. Lakini pale mkono unapokutana na kioo hawakubana kitu. Gusa kitufe kidogo, anaruka kidogo. Kishikilie, anapanda juu zaidi. Geuka ghafla akiwa anakimbia, atateleza hatua moja kabla hajatii. Picha ilikuwa inachorwa mara 60 kwa sekunde, na amri yako ilionekana karibu kwenye picha ileile inayofuata. Mtoto wa miaka saba haambiwi haya. Anajua tu kwamba akitumbukia shimoni amejitumbukiza mwenyewe, na ndiyo maana anaomba arudie.

Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta hadi leo kwenye gemu yoyote: nikishindwa, kosa liwe langu.

Contra ilikuwa ngumu kuliko haki. Roho tatu, risasi kutoka kila upande, na umeme wa Cash Power ukiisha unaanza upya kwa sababu hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofikia. Dawa yake ilitufikia kwa mdomo, mtoto akimnong'onezea mtoto: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na unapewa roho 30. Mjapani aliyebuni mfuatano huo, Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliuweka kwanza kwenye Gradius ya mwaka 1986 kwa kuwa gemu hiyo ilimshinda alipokuwa akiijaribu. Alifariki Februari 2020. Nilisoma habari ya kifo chake nikashangaa kwamba siri ya uchochoroni kwetu ilikuwa na mwenyewe, tena mwenye jina na kiwanda.

Dada yangu hakuwa mtu wa Contra. Alikuwa na Brick Game, kile kidubwasha cha betri mbili, na Tetris yake hakuna mwanamume nyumbani aliyeifikia. Nalitaja hili kwa sababu simulizi za gemu za zamani husimuliwa na wanaume, kana kwamba wasichana hawakucheza. Walicheza, ila nyumbani, na baadaye kwenye Snake ya Nokia ya mama. Kwenye vibanda ndiko hawakukaribishwa.

Vibanda ndivyo vilivyonilea. Kwenye mteremko ulio karibu na uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu Machi 2023 unaitwa Kigali Pelé Stadium, palikuwa na vyumba vya giza vyenye TV tatu au nne, mabenchi, harufu ya sambusa na PlayStation 2. Sheria haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua: unalipia mechi, mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi na kurudi mwisho wa benchi. Siku ukiwa na bahati unakaa kitini jioni nzima kwa pesa ya mechi moja. Siku ukiwa huna, unalipa ili udhalilishwe kwa dakika kumi mbele ya watu ishirini wanaozungumza Kinyarwanda na Kiswahili kwa wakati mmoja, na wote wanajua ulipaswa kupiga wapi.

Tulicheza Pro Evolution Soccer (PES), tukiiita Winning hata jalada lilipoandikwa vingine. Adriano wa Inter alikuwa na mguu wa kushoto uliopaswa kupigwa marufuku. Konami hawakuwa na kibali cha timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red. Hakuna aliyebabaika, mashabiki waliokesha na redio wakisikiliza ligi hawahitaji kuandikiwa jina. Kwenye Tekken 3 aliyechukiwa ni Eddy Gordo, yule wa capoeira, maana mgeni asiyejua lolote aliweza kubonyeza vitufe vya mateke ovyo na kumwangusha bingwa wa mtaa. Baadhi ya vibanda vilimkataza. Nadhani walifanya vyema.

Anayekumbuka San Andreas ya mwaka 2004 anakumbuka pia memori kadi. Ilikuwa ya megabaiti 8, na mwenye kibanda aliificha mfukoni. Ukilipia saa moja bila kadi, unaanza tena kule mwanzo kabisa, CJ anarudi Los Santos kwenye msiba wa mama yake, na saa inakwisha kabla hujavuka daraja. Nafahamu watu walioanza hadithi hiyo pengine mara mia na hawajaimaliza hadi leo.

Kuna jambo la PlayStation 2 ambalo mtu wa Maziwa Makuu hawezi kulipita kimya. Vifaa vya umeme vya aina hiyo hutumia tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Mwaka 2000, ambao Sony waliitoa mashine hiyo Japani tarehe 4 Machi, bei ya tantalamu duniani ilipanda mara kadhaa. Simu, kompyuta na mashine za gemu zote zilitajwa kuwa chanzo. Watu wa Kivu wakakimbilia mashimoni. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika kwamba madini yanarefusha vita vya Kongo, likayataja majeshi ya Rwanda na Uganda, na Kigali ikakana. Mimi hapa nautazama mpangilio wa safari tu. Mawe ya kanda hii yaliwahi kufika viwandani. Mashine ilitufikia baada ya miaka, imeshatumika kwingine, pedi yake moja imefungwa kwa gundi. Sijui mashine nyingine iliyotuweka mbele ya foleni na nyuma ya foleni kwa wakati mmoja namna hiyo.

Sasa tuje kwa mpwa wangu. Ana miaka kumi na sita, ana PlayStation 5, na amekulia Kigali yenye nyaya za faiba. Nilipojitolea kumsaidia kufungua akaunti, mashine ilitutaka tuchague nchi. Nikaanza kuteremka kwenye herufi R.

"Mjomba, usijisumbue," akaniambia. "Rwanda haimo. Weka Afrika Kusini."

Haimo kweli. Karibu bara zima halimo. Mei 2024 dunia ilipata kulisikia jambo hili kupitia Helldivers 2, pale Sony walipotaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti zao za PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo, wachezaji wakachachamaa kila pembe, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Mpwa wangu ameshazoea. Kijana anayeishi Kimironko ana anwani ya Johannesburg ambayo hajawahi kuiona, na kadi ya malipo ya kununua kwa mtu.

Kisha akafungua gemu ya mpira, akachagua Arsenal, na kwenye mkono wa jezi nikasoma Visit Rwanda. Mkataba wa serikali na klabu hiyo ulianza 2018, na jezi za gemu huigwa hadi mkono. Kwa hiyo nchi ilikuwamo kwenye bega la mchezaji na haikuwamo kwenye orodha ya wachezaji. Nilicheka peke yangu. Yeye hakuona cha kuchekesha, alikuwa anapanga kikosi.

Gemu hiyo mpya huuzwa dola 70, ambazo kwetu ni zaidi ya faranga 90,000. Bei si siri na si mada yangu. Mada yangu ni kile kilichotokea alipoingia mtandaoni. Alipiga pasi, mchezaji akasita, kisha akaipiga. Akakaba, mguu ukatoka mtu ameshapita. "Pingi imepanda," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua.

Pingi ni muda ambao amri huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, na hesabu yake si ngumu. Rwanda haina bahari. Data zake nyingi za kwenda Ulaya hushuka kwa faiba hadi Mombasa au Dar es Salaam, zikaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, zikapanda Bahari ya Sham na kutokea Mediterania. Hiyo ni njia ya kilomita kama 10,000. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama hakuna msongamano wala kituo njiani, ni milisekunde 100, na njia halisi daima ina vituo. Kwa gemu inayochorwa mara 60 kwa sekunde, ni picha sita zimepita kabla amri yako haijathibitishwa. Mpinzani aliyeko Frankfurt, jirani na seva, hana mzigo huo. Na siku waya ukikatika ni kilio cha kanda nzima: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipoharibika kwa pamoja, Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyumba.

Dota 2 na Counter-Strike zina seva Johannesburg, na hilo linasaidia. Fortnite haina kanda ya Afrika. Wa kwetu anachagua kati ya Ulaya na Mashariki ya Kati. Hapo ndipo nilipokuta kitu ambacho vibanda vya Nyamirambo havikuwahi kunipa. Usiku mmoja mpwa wangu aliweka Mashariki ya Kati kwa sababu Ulaya ilikuwa inaganda. Sauti zikaingia, Kiarabu, Kiingereza cha kuvunjika, kisha kijana mmoja akamgombeza mwenzake kwa Kiswahili cha Unguja, laini kabisa, chenye "ati" na "wallahi". Alikuwa Muscat. Mpwa wangu akamjibu kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile ambacho walimu wa Dar hukunja uso wakikisikia. Wakacheza hadi saa saba za usiku. Kijana wa Oman aliuliza kama Kigali kuna baridi.

Siwezi kuuita mtandao balaa baada ya kuyasikia mazungumzo yale. Wala sitasema za zamani zilikuwa bora kwa kila hali. Nusu ya gemu kwenye ile kaseti zilikuwa takataka, na mimi na watoto wenzangu tulizicheza kwa kukosa nyingine. Katika hizi mpya kuna Ghost of Tsushima ya mwaka 2020, ambamo hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unaita upepo, majani yanalala upande unaotakiwa kwenda, nawe unaufuata. Niliicheza bila intaneti kabisa na ilinijibu kwa heshima, kama Mario. Ubaya haumo kwenye upya.

Ubaya ninaouona umo kwenye simu, kule ambako kuchelewa kumegeuzwa bidhaa. Clash of Clans, iliyotoka 2012, ndiyo iliyonifungua macho. Unataka kukuza jengo, unaambiwa usubiri saa, baadaye siku, baadaye siku nyingi zaidi. Ukichoka kusubiri, nunua vito na jengo linakamilika hapo hapo. Kuchelewa kwa waya wa Mombasa ni maumbile. Huku kwingine mtu amekaa ofisini akaubuni usumbufu, kisha akakuuzia kuondolewa kwake, na gemu nyingi za simu zimejifunza kwake. Gemu za namna hii sizipi heshima yoyote, hata zikipendeza.

Vijana wenyewe wana njia zao. Kwenye simu za bei ya kawaida wanaweka PPSSPP, programu iliyotolewa 2012 na Msweden Henrik Rydgård, inayoifanya simu iwe PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi. Ndani yake wanaweka PES ya zamani ambayo mashabiki huko na huko wameichokonoa, wakavisha jezi za msimu huu na kusajili wachezaji wapya. Sheria za hakimiliki zina neno lake hapo, na sitajifanya silijui. Ila nimewaona wawili wakiwa wamesimama kituoni Nyabugogo, basi halijajaa, wakipokezana simu moja kila bao likiingia. Bila bando, bila akaunti, bila nchi ya kuchagua. Yule aliyefungwa aliachia simu bila kuambiwa.

Watoa huduma za intaneti wa Kigali wanaweza kupunguza kule kuchelewa kwa mtandao wakitaka. Nchi ina kituo chake cha kubadilishana data, RINEX, tangu 2004, na gemu zisizofungwa kwa mwenye kiwanda zipo: Minecraft toleo la Java humruhusu mtu yeyote kuendesha seva yake kwenye kompyuta ya kawaida, na Counter-Strike nayo pia. Seva iliyopo Kacyiru humjibu mtu wa Gikondo ndani ya milisekunde chache. Wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu wanaijua kazi hiyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa mashine moja na pembe ya chumba chenye umeme.

Wakati hilo likisubiriwa, nina neno kwa wazazi, maana likizo zikikaribia hunipigia simu kuuliza wanunue nini. Gemu za mpira za leo bado zinachezwa na watu wawili mbele ya TV moja, na Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, pia. Kwenye menyu ya TV tafuteni hali ya gemu muiwashe, kwani inapunguza sana kusita kwa picha. Na kwa kuwa PlayStation 5 huuzwa na pedi moja tu ndani ya boksi, nunueni ya pili kabla ya kulipia kitu kingine chochote cha mtandaoni.